Pula na Mpini wa Jembe: Kifaa Kinachofaa Kung'oa Mkono wa Waipa

Mkono wa waipa ni fimbo fupi ya chuma au aluminiamu inayobeba raba ya kufutia maji kwenye kioo cha mbele cha gari, na ingawa ni miongoni mwa vipuri ambavyo mwenye gari huvikumbuka mvua zinapoanza tu, kuung'oa mkono huo ni kazi inayoweza kumtoa jasho fundi aliyekwisha kushusha injini nzima bila manung'uniko. Nati inayoufunga huweza kulegea kwa mzunguko mmoja wa spana, ikatolewa na kuwekwa pembeni, na bado mkono ukabaki palepale kana kwamba umechomelewa. Hapo ndipo makosa huanza, kwa kuwa kila kifaa kilicho karibu, kuanzia bisibisi hadi nyundo, huonekana kinafaa, ilhali vinavyofaa kweli ni vichache, na kinachovitenga na vingine ni upande ambao nguvu ya kifaa inaelekea na mahali ambapo nguvu hiyo inaegemea.

Mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, jambo hili lina uzito wake kutokana na majira ya mwaka. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya kiangazi chenye vumbi na, kuelekea Septemba na Oktoba, majivu ya mioto inayopita katika misitu ya miombo. Kwa hiyo waipa hukaa karibu nusu mwaka bila kazi, huku vumbi likijishindilia chini ya kifuniko cha nati na kuingia katika kila mwanya, na mvua ya kwanza inaponyesha vumbi hilo hugeuka tope, tope likashika unyevu, na unyevu ukaleta kutu. Gari linalotumika mwaka mzima katika mji wa pwani lina adui mwingine, chumvi ya bahari. La Mpanda huharibiwa na kukaa bila kutumika.

Ni vyema kutaja mapema kwamba katika mazungumzo ya kila siku neno waipa hubeba vitu vingi kwa pamoja, kiasi kwamba mteja anayesema waipa imekufa anaweza kuwa anazungumzia raba iliyokauka, mkono uliopinda, mota iliyoungua, au fito zinazopeleka mwendo wa mota hadi kwenye mikono. Raba hubadilishwa bila kugusa nati yoyote, kwa kubonyeza kishikizo kidogo kilicho kwenye ncha ya mkono, na anayetaka raba mpya peke yake hana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Mkono wenyewe hung'olewa kwa sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo haihusu mkono hata kidogo. Barabara za changarawe zinazotoka Mpanda hurusha mawe yanayopasua vioo, na kioo cha mbele hakiwezi kutolewa kabla ya kuondoa plastiki pana iliyo chini yake, wala plastiki hiyo haiwezi kuondolewa kabla ya kung'oa mikono ya waipa iliyochomoza kupitia matundu yake. Vivyo hivyo kwa anayetaka kusafisha majani yaliyoziba njia za maji chini ya plastiki hiyo, kubadilisha mota, kuunganisha fito zilizoachana, au kupaka rangi upya eneo lililo chini ya kioo.

Inachekesha kidogo kwamba kifaa cha kwanza cha aina hii kupata hati ya uvumbuzi yenye sifa kubwa, kile cha Mary Anderson wa Alabama, Marekani, kilichosajiliwa Novemba 1903, kilibuniwa makusudi ili kiweze kuondolewa kwa urahisi wakati wa hali nzuri ya hewa, kisije kikaharibu sura ya gari. Dereva alikisukuma kwa mkono kutoka ndani kwa kutumia wenzo mdogo. Waipa zilipopata mota, zikawa zinaenda na kurudi maelfu ya mara katika safari moja ya mvua, na sharti la kutolegea likalishinda sharti la kuondolewa kwa urahisi, na matatizo ya fundi wa leo yanatokana na uamuzi huo.

Namna mkono unavyoshikwa inaeleweka kwa haraka na mtu yeyote aliyewahi kutengeneza jembe la mkono. Mkia wa jembe, yaani kile kipande chembamba cha chuma kinachopita katika tundu la mpini, ni mpana upande wa bamba na mwembamba upande wa ncha, na kila pigo la kulima huuzamisha zaidi ndani ya mti, hivyo kwamba jembe linavyotumika ndivyo linavyojikaza. Anayetaka kulitoa hashiki bamba na kulitikisa huku na huku, kwa kuwa akifanya hivyo atapasua mpini. Huugonga mkia kwenye ncha iliyotokeza upande wa pili, moja kwa moja, ukarudi ulikotoka. Mhimili wa waipa, ambao ni kile kijiti cha feleji kinachochomoza chini ya kioo na kuzunguka sehemu ya mzunguko kwenda na kurudi, umechongwa kwa umbo hilohilo la kupungua unene kuelekea juu, na kwenye mbavu zake una meno madogomadogo yaliyosimama kama ya tupa. Kitako cha mkono kina tundu lenye upana unaolingana na mhimili, na nati inapokazwa hulisukuma tundu hilo chini hadi meno ya feleji yajichimbie katika aluminiamu iliyo laini zaidi. Mteremko wa mhimili ni mdogo kiasi kwamba msuguano peke yake hutosha kuuzuia mkono usirudi, na ndiyo sababu kutolewa kwa nati hakubadilishi kitu: nati iliubana mkono siku ya kwanza tu, na baada ya hapo umbo la mhimili limekuwa likifanya kazi hiyo.

Juu ya msuguano huo huongezeka kutu, na kutu hii ina namna mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ya chuma, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa na hivyo huvimba ndani ya mwanya usio na pa kutanukia. Ya pili hutokea kwa sababu feleji na aluminiamu ni metali mbili tofauti, na metali tofauti zinapogusana mahali penye maji yenye chumvi kidogo huzalisha mkondo hafifu wa umeme, kama ndani ya betri, ambapo moja huliwa kwa haraka ili nyingine ipone. Hapa inayoliwa ni aluminiamu, na alama yake ni unga mweupe unaoonekana mara kifuniko cha nati kinapobanduliwa. Magari mengi madogo yanayotembea Mpanda, kama ilivyo Tanzania nzima, yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na yale yaliyotoka katika mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo yaliendeshwa kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kisha yakasafiri baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam. Gari la namna hiyo huweza kuonekana jipya kwa rangi na bado likawa na mikono ya waipa ambayo haijawahi kung'olewa tangu ilipofungwa kiwandani. Ni busara kuuchukulia kila mkono wa gari kama hilo kuwa umeganda, hadi utakapothibitisha vinginevyo.

Kazi huanzia kwenye nati, na hapa uchaguzi wa kifaa si mgumu. Katika magari ya Kijapani nati za mikono ya mbele mara nyingi ni za milimita 12 au 14, na ya mkono wa nyuma huwa ndogo zaidi, ya 10 au 12, ilhali magari ya Ulaya hupenda 13 na 16, vipimo ambavyo havimo katika seti nyingi za spana zilizokusanywa kwa ajili ya Toyota. Spana ya ringi, inayoizunguka nati pande zote sita, au soketi yenye kiendelezo kifupi, ndiyo inayostahili. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu na huivua nati pembe zake, na spana ya kurekebisha, ambayo mdomo wake hucheza, ni ya kuachwa kwenye sanduku. Kabla ya kuifungua nati, waipa iwashwe mara moja na kuzimwa kwa swichi yake yenyewe, si kwa kuzima ufunguo, ili mota isimame mahali pake pa mapumziko, kisha kipande cha utepe wa karatasi kibandikwe kwenye kioo pale raba inapolala. Hatua hii haichukui dakika moja, na kuiruka ndiko kunakosababisha gari kuondoka gereji likiwa na waipa inayosimama katikati ya kioo au inayopiga ukingo wa bodi.

Mkono hunyanyuliwa ukasimama kwenye bawaba yake, ili springi inayoukandamiza kwenye kioo isiendelee kukiinamisha kitako upande mmoja, na kitambaa kinene au godoro la sponji huwekwa juu ya kioo kwa tahadhari, kwa sababu mkono ukiponyoka na kurudi kwa nguvu ya springi, hasa ukiwa umevuliwa raba, huweza kukipasua. Nati ilegezwe hadi uso wake ulingane na ncha ya mhimili lakini isiondolewe kabisa, kwa kuwa huko ilipo inazilinda hesi, yaani ile mifereji ya mzunguko ambayo nati hupanda juu yake, na inauzuia mkono usiruke unapoachia ghafla. Baada ya hapo mkono hushikwa karibu na kitako na kutikiswa kidogo kushoto na kulia kwa mikono mitupu. Mikono mingi ambayo haijala kutu huachia hapo, na hakuna haja ya kuchukua kifaa kingine chochote.

Mkono unapogoma, kifaa kinachochukuliwa kwanza na watu wengi ni bisibisi pana, ambalo huchomekwa chini ya kitako na kukandamizwa kama wenzo. Kasoro zake ni mbili, na zote zinatokana na mahali pa kuegemea. Wenzo huinua upande mmoja tu, hivyo badala ya kuupandisha mkono huupindisha juu ya mhimili, na tundu linalopinda juu ya mhimili hukaza zaidi, kama droo ya kabati inayovutwa kwa pembe moja. Isitoshe, bisibisi lazima liegemee kitu, na vilivyopo hapo ni plastiki inayovunjika, bati linalobonyea na kioo. Kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, hustahimili upepo na mvua lakini hakistahimili ncha ya chuma inayokikandamiza kwenye ukingo wake. Wapo mafundi wanaotumia bisibisi mbili kwa pamoja, moja kila upande, zikiegemea vipande vya mbao, na njia hiyo ina mantiki kwa kuwa inasawazisha nguvu, ila inahitaji mikono minne na bado inaegemea bodi.

Nyundo ni mbaya zaidi, hasa ikipigwa kwenye ncha ya mhimili. Ni kweli kwamba pigo hilo linaelekea upande sahihi, uleule wa kugonga mkia wa jembe, lakini mpini wa jembe huwekwa juu ya jiwe na mhimili wa waipa haukuwekwa juu ya chochote. Umening'inia katika bushi, yaani kigamba laini unachozungukia, na chini yake umeunganishwa na fito zenye vikombe vya plastiki ngumu vilivyobanwa juu ya vichwa vya duara. Pigo moja zito huweza kuutoa mhimili kwenye bushi, kuachanisha fito na kuzibamiza hesi kwa wakati mmoja, na gharama ya seti nzima ya fito ni kubwa kuliko ya mkono ambao ungeweza kukatwa na kutupwa. Koleo la kukamata, lile linalobana na kubaki limebana, huharibu kwa njia nyingine, kwa kuwa humshawishi fundi auzungushe mkono badala ya kuuvuta, na mkono ukizungushwa kwa nguvu meno ya mhimili huchonga tundu la aluminiamu likawa laini kama bomba. Baada ya hapo mhimili huzunguka na mkono hubaki ukiteleza juu yake.

Kifaa ambacho kimetengenezwa kwa kazi hii huitwa pula, na muundo wake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Ni fremu yenye miguu miwili inayoingia chini ya kitako, pande mbili zinazokabiliana, na katikati yake hupita bolti ndefu ambayo ncha yake hukaa juu ya mhimili. Bolti inapozungushwa husukuma mhimili chini, na kwa kuwa mhimili hauna pa kwenda, fremu hupanda juu pamoja na miguu yake, ikaubeba mkono. Ni jembe na mpini kwa mara nyingine, isipokuwa nguvu inaanza na kuishia ndani ya kifaa chenyewe: kinachosukumwa ni mhimili, kinachovutwa ni kitako kilichoushika mhimili huohuo, na hakuna sehemu ya nguvu hiyo inayofika kwenye bodi, fito au kioo. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya pula na vifaa vingine vyote, na anayeielewa hana haja ya kukariri majina ya aina za pula, kwa sababu anaweza kukitazama kifaa chochote kilicho mbele yake na kujua kama kitafaa.

Nguvu yenyewe si ndogo. Spana fupi ya sentimita 15, ikivutwa kwa nguvu inayolingana na kuinua kilo saba, huizungusha bolti ya milimita 8 kwa kiasi ambacho, kwa makadirio ya kawaida ya msuguano wa hesi zilizotiwa grisi, huzalisha msukumo unaokaribia uzito wa kilo 600, yaani magunia sita ya mahindi ya kilo mia moja yaliyopangwa juu ya ncha ya mhimili. Hakuna mkono wa mtu wala bisibisi linaloweza kutoa msukumo huo kwa unyoofu. Mwendo wake pia ni wa utulivu, kwa kuwa bolti hiyo husonga karibu milimita moja na robo tu kwa kila mzunguko, na fundi anayesikiliza huupata mlio mkavu unaoashiria kuachia. Ikiwa bolti imekaza na mlio haujasikika, busara ni kusimama hapo, kukiacha kitako kikiwa kimevutwa, kunyunyiza mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri, au kukigonga kitako ubavuni kwa mpini wa nyundo. Hapa nyundo inapata nafasi yake ya halali, kama kengele ya kuamsha na si kama mabavu.

Maelezo hayo yanaonyesha ni vipimo gani vya kuangaliwa kabla ya kununua au kuazima. Miguu ya pula lazima iwe myembamba kiasi cha kupita kati ya kitako na plastiki ya chini, mwanya ambao katika magari madogo huwa wa milimita chache, na iwe na kucha fupi zinazoshika bila kuteleza. Upana kati ya miguu uendane na kitako, kwa kuwa miguu iliyo mbali hukamata hewa na iliyo karibu haiingii. Ncha ya bolti iwe nyembamba kuliko mhimili ili isiguse mkono wala kuzitafuna hesi. Miguu iwe miwili. Pula ya miguu mitatu, inayopatikana katika gereji nyingi kwa ajili ya kutolea bearingi na puli, haifai hapa hata ikiwa ndogo, kwa sababu mguu wa tatu hugongana na mkono wenyewe pale unapotokea kitakoni.

Pula iliyotengenezwa mahususi kwa mikono ya waipa si bidhaa ya kukutana nayo katika kila duka la spea, na mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam hauwezi kutarajiwa kuwa na kila aina ya kifaa. Iko hata hivyo ndugu yake ambayo hupatikana kwa mafundi umeme wa magari, nayo ni pula ya terminali za betri, kijidude chenye kucha mbili na bolti katikati ambacho kiliundwa kwa ajili ya kuvua vichwa vya nyaya vilivyoganda kwenye nguzo za betri. Umbo lake linafanana na linalotakiwa kwa karibu kila kitu, na kwa mikono ya mbele ya magari madogo pamoja na mingi ya nyuma hufanya kazi barabara. Udhaifu wake ni kwamba kucha zake zimekusudiwa kuvuta risasi, metali laini, na kwa kitako kipana cha gari kubwa aina ya Land Cruiser au lori la Fuso hutanuka na kuponyoka. Waya uliozungushwa kwa kubana miguu yote miwili, au kibanio kidogo cha chuma, huzuia kutanuka huko.

Njia ya tatu, na pengine iliyo bora zaidi kwa mazingira ya Mpanda, ni kutengeneza pula papo hapo, kazi isiyomshinda mchomeleaji yeyote wa mjini wala kijana anayejifunza ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi cha VETA. Vinavyohitajika ni chuma bapa chenye unene wa milimita 6, nati moja na bolti ndefu ya milimita 8 au 10. Chuma hukatwa na kukunjwa kwa umbo la herufi U, miguu ikakunjwa kidogo ndani kwenye ncha zake na kusuguliwa kwa tupa hadi iwe myembamba, tundu likatobolewa katikati ya mgongo na nati kuchomelewa juu yake. Jambo la kuzingatia ni bolti, ambayo ichaguliwe yenye maandishi 8.8 kichwani: namba ya kwanza inamaanisha kwamba chuma chake hukatika kwa mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili kwamba huanza kunyooka moja kwa moja kikifikia asilimia 80 ya kiwango hicho. Bolti isiyo na alama yoyote hupinda katikati ya kazi na kuziharibu hesi za nati. Wachomeleaji wengi hupenda kutumia vipande vya springi za lori kwa miguu, wakiamini kwamba chuma kigumu ndicho bora. Lakini feleji ya springi ikichomelewa na kupoa haraka huwa na wepesi wa kukatika kama kigae, na mguu unaokatika ukiwa umebeba uzito wa magunia sita huruka usoni. Chuma bapa cha kawaida, kinachopinda kabla ya kukatika, humpa fundi onyo.

Ipo mikono ambayo pula haiihusu kabisa, na kuitambua kabla ya kuanza huepusha hasara. Land Rover za zamani, ambazo bado zinaonekana katika safari za kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi, zina mikono isiyo na nati. Ndani ya kitako mna kibati cha springi kinachonasa chini ya meno ya mhimili, na kinachotakiwa ni bisibisi jembamba la kukisogeza kibati hicho huku mkono ukivutwa juu. Hapo bisibisi ni ufunguo, si wenzo. Magari mengine yana kishikizo cha kuchomoa ubavuni mwa kitako, na baadhi ya magari ya Ulaya, hasa ya Volkswagen, hupitisha maji ya kuoshea kioo cha nyuma katikati ya mhimili, kwa hiyo kijibomba cha maji kinachoonekana kwenye ncha sharti kichomolewe kwanza, ama sivyo bolti ya pula itakiponda. Kwa kifupi, kifuniko kibanduliwe na macho yatazame kabla ya mkono kushika chochote.

Kuhusu mafuta na moto, mazoea ya gereji yanahitaji kusahihishwa kidogo. Mafuta maalumu ya kulegeza kutu, yale ya kopo la kupuliza, ni mepesi kiasi cha kupenya katika nyufa, na yakiachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha hufanya nusu ya kazi. Dizeli au mafuta ya taa husaidia kwa kiasi, ilhali oili ya breki, inayopendwa na baadhi ya watu, hula rangi ya gari. Joto lina manufaa kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya feleji kwa nyuzi zilezile za joto, hivyo tundu hupanuka kuliko mhimili unavyonenepa. Joto linalotosha ni la maji yaliyochemka, yaliyomwagwa kwenye kitambaa kilichozungushwa kwenye kitako na kuachwa kwa dakika chache, kwa uangalifu ili yasitiririke juu ya kioo chenye ufa, kwani ufa mdogo hupenda kukimbia penye badiliko la ghafla la joto. Moto wa gesi hauna nafasi hapa, kwa kuwa plastiki, rangi na gundi ya kioo vyote viko umbali wa kiganja.

Mkono ukishang'oka, mhimili husuguliwa kwa brashi ya waya hadi meno yaonekane yakiwa makavu na safi, na tundu la kitako husafishwa kwa brashi hiyohiyo. Wengi hupaka grisi nzito kwenye meno kwa nia njema ya kuzuia kutu, na huo si ushauri mzuri, kwa sababu mkono hushikwa na msuguano na grisi huuondoa. Tone la mafuta kwenye hesi na tabaka jembamba chini ya kifuniko vinatosha. Mkono hurudishwa raba ikilala juu ya utepe uliobandikwa, nati hukazwa kwa nguvu ya kiasi, ambayo kwa magari mengi madogo ni kati ya nyutoni-mita 20 na 30, sawa na mvuto wa kilo kumi na nne hadi ishirini hivi kwenye spana ya sentimita 15. Kioo humwagiwa maji kabla ya swichi kuwashwa, kwa kuwa raba juu ya kioo kikavu huukokota mkono na kuutikisa ungali haujatulia, kisha nati hukaguliwa tena baada ya siku mbili tatu za mwendo, aluminiamu ikiwa imekwisha kujilaza kwenye meno. Kifuniko kilichopotea, na vingi hupotea siku ya kwanza ya kazi, kinaweza kuzibiwa nafasi kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichokatwa duara na kubanwa juu ya nati, ambacho hakipendezi macho lakini hulizuia vumbi la kiangazi kuliko nati iliyoachwa wazi.